Bomba la Jemadari

2 Machi

Mtaa huu una milango kwa sababu yangu. Sisemi kwa majivuno. Ukweli haujivuni, unasimama tu. Kabla sijafungua yadi yangu ya milango na madirisha yaliyokwishatumika, watu walikuwa wakilala na mapazia, na wezi wakiingia kwa kupiga hodi. Leo nenda nyumba yoyote, kuanzia kwa kinyozi mpaka kona ya mashine ya kusaga, shika kitasa, uulize kimetoka wapi. Nimemuuzia mlango hakimu. Nimemuuzia mlango mtu aliyefungwa na hakimu huyo. Wote wawili waliniamkia kwa heshima.

Ndiyo maana nimeanza kuandika. Mtu kama mimi akiondoka bila maandishi ni hasara ya umma. Shule nilifika darasa la sita. La saba nililichungulia dirishani nikaona halina jipya.

Na mwaka huu kuna jambo. Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, anaolewa mvua zikikatika. Baba yake hayupo duniani. Kwa hiyo mimi, mjomba wake, ndiye nitakayemwendesha kwa gari langu siku ile, na ndiye nitakayesimama kusema kwa niaba ya ukoo. Hakuna aliyeniambia bado, lakini mambo mengine hayaambiwi. Jua nalo haliambiwi lichomoze.

4 Machi

Leo nimwandike Jemadari. Jemadari ni gari langu, sedani ya rangi ya chai ya maziwa, na kwa umri anamzidi bibi harusi. Mlango wa dereva ni wa buluu kwa kuwa ule wa asili ulikufa kishujaa. Nimewahi kushindana naye na treni. Treni ilishinda kwa sababu yenyewe ilikuwa na reli, mimi nilikuwa na mashimo.

Tatizo ni moja, ekzosi. Anakohoa. Kipande cha nyuma kimeliwa na kutu, moshi unarudi ndani, na nikisimama kwenye makutano machozi yananitoka watu wakadhani nimefiwa. Abiria wangu wa mwisho alikuwa mama mkwe. Aliposhuka alisema amewasamehe wote aliowahi kugombana nao.

Bibi harusi hapakiwi kwenye moshi. Kesho naonana na Fundi Cheche.

5 Machi

Mvua ya kwanza. Milango yote yadini imeanza kuvimba. Sikwenda kokote.

6 Machi

Mimi na Fundi Cheche tulivaa kaptura moja kwa zamu tukiwa wadogo. Ni mchomeleaji. Nyusi zake ziliungua zamani hazikurudi, kwa hiyo huwezi kujua kama anashangaa au la. Karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta: shimo la kuingilia chini ya gari, kreti mbili za soda za kukalia, na redio iliyochomelewa ukutani isiibiwe.

Akaingia shimoni, akagonga bomba kwa bisibisi, akatega sikio kama daktari anayegonga kifua.

"Sailensa yako nzima," akasema kutoka chini. "Kilichooza ni mkia tu. Nakata hapa, nachomelea kipande cha kipimo kile kile, umemaliza."

"Cheche, mimi si mtu wa viraka. Nataka bomba nene, lile lisiloshika kutu, kama la yule kijana wa gari jekundu. Jemadari apumue."

"Gari la kijana yule injini imefunguliwa yote, imetengenezwa upya. Bomba kaliweka mwisho. Wewe unataka kuanza na la mwisho."

"Mimi hata nyumba huanza na mlango."

"Sikiliza, mzee mwenzangu. Injini yako ndogo, tena imechoka. Ukiifungia bomba nene ni kama kumvisha mtoto suruali ya baba yake. Hatakimbia, atajikwaa. Kelele utapata. Nguvu hupati. Kwenye kilima utaitafuta gea ya kwanza mapema, na mafuta atakunywa kama ngamia."

"Wewe chomelea. Kufikiri niachie mimi."

Akapanda juu, akajifuta mikono, akasema niende nikalifikirie.

8 Machi

Nimelifikiria. Nataka bomba nene.

Fedha taslimu sina, lakini ninao ule mlango wa mbao ngumu wenye nakshi, uliotoka kwenye nyumba ya daktari. Cheche aliwahi kuutamani. Nimesema tubadilishane, mlango kwa bomba.

Mke wangu amekasirika. Chumba chetu cha kulala kina pazia tangu tuhamie, na ule mlango anasema nilimwahidi yeye.

"Mke wa muuza milango," akasema, "analala nyuma ya pazia. Ukiongea na mtu ndani, sebule nzima inasikia. Nikilia, nalilia sebuleni."

"Pazia lina hewa."

"Debe tupu," akaanza, akakatiza, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

9 Machi

Dada naye hataki. Alipita yadini na mwavuli wake, hakuketi. "Mdogo wangu, gari la mwalimu lipo. Bibi harusi atakwenda na lile, wewe tulia."

Mwalimu ni mdogo wetu wa mwisho. Ana kigari cheupe, kimya kiasi kwamba kinaweza kukugonga ukadhani umeteleza. Na yeye mwenyewe yuko hivyo hivyo. Nikamwambia dada kwamba bibi harusi hasindikizwi kwa mnong'ono.

12 Machi

Andika hili, kalamu. Mtu mwenye hoja akivumilia, dunia humfuata.

Asubuhi mke wangu kaniwekea chai, akasema kwa upole ambao sijausikia tangu watoto waanze kujitegemea, "Kafunge tu hilo bomba, baba watoto." Mchana dada kapiga simu. Anasema amefikiri upya, gari la mjomba ni heshima ya mjomba, tena bomba likiwa nene zaidi ni bora zaidi. Jioni nampitia Cheche, nimejipanga kwa mabishano, kumbe yeye ndiye wa kwanza kusema: "Lete gari kesho. Nimelipata la kipimo unachotaka."

Sikuwashangilia. Mshindi wa kweli hajisifu. Nimewaambia watu wawili watatu tu kwenye kibanda cha chai, na kinyozi, na mtu wa maji.

14 Machi

Limefungwa. Bomba jipya linang'aa hata mtu anaweza kunyolea ndevu pale. Cheche alikata yote ya zamani, sailensa na mkia, akaweka pembeni. Akanitazama na uso wake usio na nyusi, akasema, "Mimi nilikuambia yangu siku ya kwanza. Hilo ulikumbuke." Nikamwambia nitalikumbuka siku nitakapompita kijana wa gari jekundu.

Nilipowasha, kreti moja ya soda ilianguka yenyewe. Nilipokata kona ya mashine ya kusaga, kuku wote wa mtaa walihamia upande wa pili. Mbele kidogo watoto walishika masikio kwa heshima. Muuza mboga aliniinulia mkono wote, vidole vyote vimefunguka. Nyumbani, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni ananingoja. Miaka yote ya ndoa, hajawahi kuningojea mlangoni.

17 Machi

Nimegundua faida nyingine za bomba ambazo hata Cheche hakuzijua.

Kwa dada, kila nikifika nakuta watu wameshakaa vizuri, wananyamaza kunisikiliza, chai iko mezani. Kwenye kibanda cha chai watu wananipisha benchi zima. Jana nilipofika vikombe vilikuwa bado vinatoa mvuke na wenyewe wameshaondoka kuniachia nafasi. Nyumbani hakuna tena ile hali ya kumkuta mke wangu kwenye simu anaongea na nani sijui. Nafika, simu iko mezani, tabasamu liko usoni.

Mteja mmoja wa dirisha, mgeni mtaani, aliniona nimevua kiatu akauliza kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikwenda wapi. Nikamsimulia chui. Alikuwa chui dume, nami nilikuwa kijana, na usingizi wangu ulikuwa mzito. Alinunua dirisha bila kupunguziwa.

22 Machi

Mvua. Kilima cha kwenda kwa dada kilinisumbua kidogo. Mtu wa mkokoteni wa kabichi alinipita, lakini yeye alikuwa na haraka.

29 Machi

Mvua. Mafuta yanakwisha kabla ya wiki. Nadhani kituo kinachanganya maji.

3 Aprili

Niseme kitu, na kisitoke humu. Kwenye barabara ndefu bomba linavuma ndani ya kichwa kama nyuki aliyefungiwa kwenye mtungi. Nikishuka naendelea kulisikia. Leo nilimjibu mke wangu swali ambalo hakuuliza.

Gea ya tatu haivuti kama zamani. Nimemwambia Cheche. Akasema, "Injini inazoea." Hakunitazama aliposema.

11 Aprili

Mvua kubwa. Milango imevimba haifungi, na iliyofungwa haifunguki. Nimeandaa hotuba yangu ya harusi. Nimeanzia kwa babu yetu. Nikisoma kwa mwendo wa kawaida inamaliza mshumaa.

21 Aprili

Nitaandika yote.

Leo kulikuwa na kikao cha harusi kwa dada. Mimi niliambiwa saa kumi. Nilifunga yadi mapema kwa sababu ya mvua, nikaamua niwahi. Chini ya kilima maji yalikuwa yamejaa barabarani. Jemadari aliingia, akapiga chafya mara mbili, akazimika. Maji yamefika kwenye plagi. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikapanda kilima kwa miguu. Mbele ya nyumba ya dada palikuwa na dimbwi, nikazungukia nyuma, kwenye kibaraza cha jikoni. Mlango wa pale nilimuuzia mimi mwenyewe. Mvua hii imeuvimbisha, haufungi, unabaki wazi upana wa mkono.

Nilitaka kupiga hodi. Kisha nikasikia sauti ya dada.

"Tumalizeni basi, kabla hajafika."

"Bado, wifi." Huyo ni mke wangu. Aliniambia anakwenda kwa mshonaji. "Akikata kona ya mashine ya kusaga tutamsikia. Mimi nyumbani nikimsikia pale, nina nafasi ya kumaliza simu, kumuaga jirani na kubandika maji."

Watu wakacheka. Nilihesabu vicheko kimoja kimoja, maana sauti hizo nazijua: ya dada, ya mwalimu, na moja nzito, ya Cheche. Cheche alikuwa pale anamchomelea dada geti. Nilijua kuhusu geti. Sikujua kuhusu kikao.

"Lile bomba wazo langu, msinidhulumu," akasema dada.

"Wazo lako, dhambi yangu," akasema Cheche. "Mimi nilikuwa nimemkatalia. Wewe ukaja karakana ukasema mfungie, tena lile linalopiga kelele kuliko yote."

"Maskini kaka," akasema mwalimu, mtu asiyesema. "Panya wote wanajiuliza nani atamfunga paka kengele. Huyu paka kaifuata kengele dukani mwenyewe, akaitolea mlango."

Wakacheka tena. Mvua ilikuwa inaniingia shingoni. Nilikuwa nimeshika viatu mkononi kama mtoto aliyechelewa shule.

Halafu wakaja kwenye jambo lenyewe. Bibi harusi atakwenda na gari la mwalimu. Mwalimu ndiye atakayesema kwa niaba ya ukoo, maneno machache, watu wale chakula kikiwa moto. Na mimi? Cheche atakuja kwangu siku moja kabla, aseme Jemadari anahitaji kukaguliwa kwa ajili ya safari, amfungue injini aiweke mezani, na kesho yake aseme kuna kifaa hakijapatikana.

"Ataumia," akasema mpwa wangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye yumo.

"Ataumia siku moja," akasema mama yake. "Akisema yeye, tutaumia sisi mwaka mzima. Siku ya kutambulishana, si aliwaambia wakwe zako kwamba alimvusha babu yao mtoni kamtia mgongoni? Babu mwenyewe kakaa pale anamtazama. Hata mto hajawahi kuuona."

Na mpwa wangu akacheka. Alijizuia, nilimsikia anajizuia, lakini kilimponyoka. Wale wengine wacheke, nimewazoea. Huyu nilimfundisha kuendesha baiskeli. Nilikimbia nyuma yake nimeshika kiti, na kila akiniuliza, "Mjomba umenishika?" nilijibu nimekushika, hata nilipokuwa nimeshamwachia zamani.

Sikuingia. Nilirudi kinyumenyume, nikashuka kilima. Nilifuta plagi moja moja kwa fulana yangu. Sijui nilikaa mle garini muda gani. Kisha nikawasha. Jemadari alinguruma. Nikapanda kilima kwa gea ya kwanza, nanguruma nyumba kwa nyumba, na kwa mara ya kwanza niliona: pazia la kinyozi lilifungwa. Muuza mboga alinyanyua mkono wote, na safari hii nilimwona kwamba anaziba sikio.

Walikuwa wamekaa vizuri. Chai iko mezani.

"Karibu kaka," akasema mwalimu. "Tulikuwa tunasema mvua hii."

"Mvua kweli," akasema Cheche.

Mke wangu akanipangusia kiti. Alikuwa na tabasamu lile lile la mlangoni.

Nilitaka kusema. Naapa maneno yalikuwa yamepanga foleni. Lakini wote walikuwa wananitazama wakisubiri, na mimi watu wakinisubiri nina jambo moja tu ninalolijua. Nikawasimulia chui.

22 Aprili

Mvua.

23 Aprili

Mvua. Nimemwambia mke wangu sina njaa.

25 Aprili

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiwatolea wengine methali hii. Nguo zenyewe kumbe ni zangu.

27 Aprili

Nilikwenda kwa Cheche kwa miguu. Alikuwa ameinama anakata chuma, na chuma kimelazwa juu ya meza mpya. Meza ile ilikuwa mlango wangu. Kaulaza juu ya mapipa mawili, kaupigia jiliwa la kubania chuma katikati ya nakshi.

"Nataka sailensa yangu ya zamani," nikasema.

Akazima mashine. "Ya nini?"

"Nimechoka na kelele."

Mtu usiyejua nyusi zake zinasemaje ni mgumu kumsoma, lakini kwa mara ya kwanza nilimwona anashangaa.

"Haipo," akasema. "Nilikata sehemu mbovu, ile nzima nikaiunga kwenye gari la mwalimu. Lake lilikuwa limetoboka wiki ile ile."

Kwa hiyo ule ukimya wa mwalimu, tangu katikati ya Machi, ni ukimya wangu. Bibi harusi angepelekwa kwa sailensa yangu, mimi nikiwa nyumbani na injini mezani.

"Cheche. Tulivaa kaptura moja."

Akaweka chini miwani yake ya kuchomelea. "Nani kakuambia?"

"Mlango wa jikoni kwa dada. Haufungi."

Alikaa kwenye kreti. Alisema dada alikuja siku ile, akasema familia nzima imechoka kufumaniwa. "Nikasema hili si la ufundi. Akasema, wewe unataka kumkatalia rafiki yako kitu anachokitaka? Nikaona kweli, unakitaka mwenyewe."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia lini? Wewe ukifika unaanza kusema, na ukimaliza kusema umeshaondoka."

Niliondoka bila kusema kitu. Niliona hiyo ndiyo adhabu. Njiani ikanijia kwamba huenda hakuiona kama adhabu.

28 Aprili

Nimemuuliza mke wangu. Alikuwa anakunja nguo kitandani, pazia limefungwa.

"Ulijua la bomba?"

Hakuuliza bomba gani. Alikunja shati langu mpaka mwisho, akalaza mikono juu yake.

"Nilijua."

"Unanizibia masikio na wewe? Mke wangu?"

"Mimi nilikuomba mlango, baba watoto. Ungeniwekea ule mlango ningefunga, nikaongea na dada yangu mambo yangu ndani, nikalia, nikamaliza, nikafungua. Wewe ukauchukua mlango ukaniletea bomba." Akachukua suruali. "Basi nikalitumia bomba."

"Nimewahi kukukataza kuongea?"

"Hukatazi. Unaingia. Ukiingia hakuna anayemaliza sentensi."

Nilikuwa na jibu zuri sana. Akasema, "Unaona," kabla sijalitoa.

30 Aprili

Mvua imepungua. Bado sina njaa, lakini nimekula.

4 Mei

Mpwa wangu alikuja yadini peke yake. Alipita kati ya milango iliyoegemezwa, akasimama mbele yangu, hakutafuta pa kukaa.

"Mjomba, siku ya kikao ulikuja mara mbili."

"Mimi? Nilikuja mara moja, na wote mlinisikia."

"Kulikuwa na nyayo za maji kwenye kibaraza cha nyuma. Zinakuja mpaka mlangoni, halafu zinarudi. Mguu wa kushoto una vidole vinne. Nilizifuta mama asizione."

Nilitazama mguu wangu. Hata huo umenisaliti.

"Chui yule," nikasema.

"Mjomba, uliangukiwa na mlango. Mama alinionyesha na mlango wenyewe."

"Chui alikuwa nyuma ya mlango."

Akacheka, na safari hii alicheka mbele yangu. Kisha akalia kidogo, akajifuta. Akasema siku ile alicheka na anajua nilisikia. Akasema anataka nimpeleke mimi. Mama yake hajakubali, lakini bibi harusi ni yeye, na akikataa kupanda gari la mwalimu hakuna atakayembeba. Ila ana masharti mawili.

"Gari liwe kimya. Na wewe pia, mjomba. Nataka ile safari niweze kusikia moyo wangu."

"Na hotuba?"

Alitazama chini. "Hotuba atasema mjomba mwalimu."

Kwa hiyo mlango umefunguliwa nusu. Nilitaka kumwambia mimi si mtu wa nusu. Nikasema sawa.

7 Mei

Cheche amenitafutia sailensa nyingine, ya kipimo kile kile cha kiwandani, na mkia mpya. Alifanya bila kudai kitu. Alipomaliza aliwasha, tukasimama wote wawili tunatega sikio, na hakukuwa na cha kusikia. Jemadari kavuta kilima cha dada kwa gea ya tatu. Nilimpita mtu wa kabichi. Hakugeuka hata, kwa kuwa hakunisikia.

11 Mei

Harusi.

Jua kali. Nilimpakia bibi harusi mbele ya nyumba ya dada. Dada alikuja dirishani kwangu, akatengeneza kola yangu ambayo ilikuwa imekaa sawa. "Mdogo wangu," akasema, basi. Mimi pia sikusema. Nilikuwa nimeshaahidi.

Njia nzima sikufungua mdomo. Nilipita darajani, mahali ambapo nina hadithi tatu, nikazimeza zote. Karibu na ukumbi nikamsikia nyuma anasema, taratibu, kama anajisemea, "Mjomba, umenishika?"

Nikasema nimekushika.

Ukumbini niliwekwa meza ya pili, karibu na spika. Mwalimu alisema maneno yake. Yalikuwa machache na mazuri, na alianzia kwa babu yetu. Hilo la babu nililitaja mimi mbele yake mwezi wa nne. Watu walipiga makofi. Cheche alikuwa meza ya nyuma, hakunitazama. Mke wangu alinisogezea sahani. Hakuna aliyesema kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa na hotuba. Iko mfukoni mwa koti, na koti nimelitundika.

20 Mei

Mvua zimekatika. Milango imenywea, inafunga yenyewe. Ule wa jikoni kwa dada sasa unafunga hadi kwenye fremu, nilikwenda nikauangalia. Nyumbani nimeweka mlango chumbani. Si wa nakshi, ni wa kawaida, una tundu la kufuli ya zamani ambalo nimeliziba kwa kizibo. Mke wangu aliufunga, akakaa ndani muda, akafungua. Hakusema asante, lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Watu huniuliza, maana bado wananiuliza mambo, kama kuna faida kubadili ekzosi ya gari kuukuu. Nawaambia hivi: kilichooza kata, rudishia cha kipimo kile kile, kizuri kisichoshika kutu kama una uwezo, mshukuru fundi, nenda nyumbani. Bomba nene haliongezi nguvu hata ya farasi mmoja kwenye injini iliyochoka. Linawaamsha tu walio mbele. Nawaambia nililijua hilo tangu mwanzo, nilikuwa nafanya utafiti.

Jambo moja limebaki. Jemadari yuko kimya, na watu wameona kwamba siku hizi, kabla sijakata kona ya mashine ya kusaga, napiga honi. Ndefu, mara mbili. Wameniuliza, nikasema ni kwa ajili ya watoto wanaocheza barabarani. Kona ile haina watoto. Napiga honi ili walioko nyumbani wapate nafasi ya kuacha kunisema kabla sijafika.